Kutwanga si Kusonga: Tuchambue Neno "Chakula cha Asili"



Katika sherehe zetu hapa Kibombo, iwe ndoa, iwe kuondoa matanga, iwe siku ya kupokea wakubwa wanaotoka Kindu, kuna meza moja isiyokosekana: meza ya chakula cha asili. Utaona bugali wa muhogo, sombe yenye mawese, samaki wa Lualaba, pengine na sahani ya muchele pembeni. Halafu mutu mmoja atasimama na kusema: "Hii njo chakula ya bankambo yetu." Watu watapiga makofi, watakula, na mambo yatakwisha hapo.

Sisi tunaona mambo yasiishe hapo. Neno hilo, "chakula cha asili", limezoeleka hata hakuna anayelipima tena. Na neno lisilopimwa linaweza kuficha mengi: jasho la watu, amri za wakoloni, hata ugonjwa. Kwa hiyo katika kurasa hizi tunapenda kulichambua, kama vile mama anavyochambua muchele kabla ya kuupika: mawe pembeni, punje ndani ya chungu.

Kazi mbili zinazochanganywa

Kwanza tutenganishe kazi mbili. Kutwanga ni kitu kimoja, kusonga ni kitu kingine.

Anayesonga bugali anachukua bunga kavu, anaimimina katika maji yanayochemka, anaigeuza kwa mwiko mpaka ishikane. Kinu kilikwisha kufanya kazi yake mbele, pale kilipovunja mihogo mikavu kuwa bunga. Siku hizi hata kazi hiyo, mahali pengi, imechukuliwa na mashini. Anayetwanga lituma anakwenda kinyume chake: anapika kwanza, halafu anatwanga. Ndizi za kupika zinachemshwa mpaka ziive, zinaingia kwenye kinu zikiwa moto bado, zinapigwa mpaka ziwe donge moja laini. Wengine wanaongeza muhogo mtamu uliochemshwa ili donge lishikane vizuri.

Sasa tuangalie mbali kidogo. Huko Nigeria na Benin kuna kiazi kikuu, kile ambacho sisi tuliosoma Kifaransa tunakiita inyame. Wanakimenya, wanakichemsha, wanakitwanga kingali moto mpaka kinavutika. Wayoruba wanakiita chakula hicho iyan, na kwao mgeni aliyepewa iyan amepewa heshima. Nchini Ghana wanatwanga pamoja muhogo wa kuchemsha na ndizi, wanaita fufu. Msomaji wa Maniema akisoma hayo, mara moja atajua: hiyo ni kazi ya lituma! Si kazi ya bugali.

Jina la fufu nalo limetembea. Kinshasa wanalitumia kwa bunga ya kusonga, na vijana wetu wanaorudi kutoka kule wanaleta jina hilo. Basi jina lilisafiri, kazi ikabaki nyuma. Kijana anatazama filamu ya Nigeria, anaona watu wanamega donge jeupe na kuchovya katika mchuzi, anasema: "Nao wanakula bugali kama sisi." Mambo haiko vile. Mkono unafanana, kinu hakifanani. Ndugu wa kweli wa chakula kile yuko hapa hapa kwetu, naye ni lituma, ambayo watu wengi wanaisema kuwa ni chakula cha watu wa Kisangani tu, au chakula cha siku mama ana nafasi.

Nani mgeni, nani mwenyeji?

Hapa inatupasa tuseme ukweli, hata kama utawaudhi wenye kusimama mezani. Muhogo si wa bankambo wa zamani sana. Muhogo ni mmea wa Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta kwenye pwani ya Kongo katika karne ya 16, nao ukapanda mto polepole, kutoka mkono hadi mkono, kutoka soko hadi soko. Mahindi nayo yalitoka Amerika. Karanga vilevile. Pilipili tunayoisifu kuwa ni ya kwetu kabisa, nayo ilivuka bahari. Na muchele wa Maniema uliingia kwa nguvu katika nusu ya pili ya karne ya 19, pamoja na wafanya biashara wa Zanzibar na watu wao, waliokaa Nyangwe na Kasongo. Waliolima na kula pamoja nao tukawaita Wangwana, na mpaka leo mahali pengine muchele unanukia jina hilo.

Je, lituma inapona katika hesabu hii? Hata yenyewe haiponi yote. Ndizi asili yake ni Asia ya kusini-mashariki, ingawa imekaa katika misitu ya Kongo zaidi ya miaka 2,000, na mgeni wa miaka 2,000 si mgeni tena. Wanaobaki kuwa wenyeji kabisa ni wachache: mti wa ngazi, kunde, na kile kiazi kikuu chenyewe. Wataalamu wa lugha za Kibantu wanapolinganisha maneno ya zamani kabisa ya familia yetu ya lugha, wanakuta jina la kiazi kikuu, wanakuta ngazi, lakini hawakuti jina la muhogo. Mwanahistoria Jan Vansina, katika kitabu chake cha mwaka wa 1990 juu ya watu wa misitu ya Kongo, alikipa kiazi kikuu nafasi yake katika mashamba yale ya kwanza, pamoja na ndizi iliyokuja baadaye.

Kwa hiyo ukitaka kusema kwa haki "chakula ya bankambo", ungeweka mezani kiazi kikuu. Lakini kiko wapi? Kwetu kimebaki kando ya shamba, kimepanda juu ya mti mkavu, kinalindwa na mzee mmoja au bibi mmoja. Kingine kiko porini, na wanaojua kipi kinalika na kipi kinaua bila kulowekwa siku nyingi wanapungua kila mwaka. Mfalme wa zamani amekuwa mkimbizi kando ya kijiji chake mwenyewe.

Kwa nini alishindwa?

Watu wengine watajibu haraka: ni wazungu. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na tutalifikia, lakini halitoshi. Muhogo ulikuwa umekwisha kushinda vita mahali pengi kabla mzungu hajafika Lualaba. Tutafute sababu shambani.

Kitabu kimoja kinatusaidia hapa, ingawa si cha kwetu. Riwaya ya Chinua Achebe, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka wa 1958, wengi wetu tuliisoma kwa Kifaransa kwa jina la Le monde s'effondre, na ndugu zetu wa Tanzania na Kenya waliipata kwa Kiswahili mwaka wa 1973 kwa jina la Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Clement Ndulute. Humo kiazi kikuu njo kipimo cha mwanaume. Ghala iliyojaa ni cheo. Lakini kumbukeni Okonkwo alianzaje: hakuwa na mbegu. Alikwenda kwa tajiri Nwakibie kuomba viazi vya kupanda, kwa mapatano ya kugawana mavuno, naye mwenye kulima akabaki na sehemu ndogo. Na mwaka ule jua likachoma, mvua ikaharibu, mbegu nyingi zikaoza.

Humo ndani ya hadithi kuna somo la kilimo. Kiazi kikuu kinapandwa kwa kiazi chenyewe: lazima uweke pembeni sehemu ya chakula chako ili upate mbegu ya mwaka ujao. Mwenye njaa anakula mbegu yake, na mwaka unaofuata ni mtumishi wa mwenye ghala. Muhogo haudai hivyo. Unakula mzizi, unapanda mti. Jirani anakupa fimbo za muhogo bure, kwa maana yeye hazili. Tena muhogo uliong'olewa unaharibika kwa siku mbili tatu, lakini ukiachwa ndani ya udongo unangoja mwaka mzima na zaidi. Ghala yake ni ardhi.

Na katika nchi iliyopitiwa na vita, ghala ya ardhini ina maana kubwa. Mwenye bunduki anaweza kuchoma ghala ya viazi, anaweza kubeba magunia ya mupunga, lakini hana nafasi ya kuchimba shamba zima la muhogo. Wale waliokimbilia porini hapa kwetu wakati wa vita vya 1998 hadi 2003, reli ikiwa imekatika na soko limekufa, wanajua tunasema nini. Methali inasema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Muhogo ulikuwa mgeni, tukaupa jembe, nao ukalima kuliko wenyeji. Hatuutukani. Tunakataa tu kuuita kwa jina lisilo lake.

Vitabu vilivyotuona, na visivyotuona

David Livingstone alitembea Manyema kuanzia 1869 hadi 1871. Katika daftari zake, zilizochapishwa mwaka wa 1874 baada ya kufa kwake, kurasa nzuri kuliko zote juu ya chakula chetu ni zile za soko la Nyangwe. Aliona akina mama wakija na mizigo, wakipatana bei kwa furaha na kwa ukali, wakibadilishana samaki, mihogo, mafuta, chumvi, kuku na vyungu. Halafu, tarehe 15 ya mwezi wa saba 1871, watu wa wafanya biashara wakafungua risasi juu ya soko hilo hilo. Mamia ya watu walikufa, wengi wao wanawake, wengi katika maji ya Lualaba.

Sisi tunaisoma habari hiyo si kama habari ya utumwa tu. Ni habari ya chakula pia. Waliouawa siku ile ndio waliokuwa na elimu ya kinu, ya kuloweka, ya kujua kiazi cha pori. Mtu akiuliza kwa nini hatukumbuki chakula cha mababu, mojawapo ya majibu limelala pale Nyangwe, ndani ya mto.

Tippu Tip naye aliacha kitabu, tena kwa Kiswahili, kilichochapishwa na Mjerumani Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Ni kitabu chenye thamani kwa lugha yetu. Lakini jicho lake ni jicho la msafiri mwenye bunduki: linahesabu pembe, linahesabu watu na safari. Chakula kinatajwa kama posho. Mwenye kukitwanga hana jina.

Na Achebe, tuliyemsifu hapo juu, naye tumwulize swali. Katika riwaya yake sauti ya michi inasikika, na mlima wa fufu siku ya karamu unafika mbali, lakini sifa zote ni za mwenye ghala. Yeye mwenyewe anatuambia kwamba muhogo na kunde vilihesabiwa mazao ya wanawake, na kiazi kikuu kilikuwa zao la mwanaume. Basi mwanaume analima kwa sifa, mwanamke anatwanga bila sifa. Achebe alikuwa anaonyesha jamii yake jinsi ilivyokuwa, na hilo ni haki yake. Kosa ni letu tukisoma mlima wa fufu na kusema "tazama utamaduni!" bila kuuliza mlima ule ulipita katika mikono ya nani.

Amri ya Bula Matari

Sasa tufike kwa wakoloni. Baada ya vita vya 1892 hadi 1894, Leta ya Leopold iliwaondoa wafanya biashara wa Zanzibar, lakini haikuondoa mashamba yao ya mupunga. Iliyarithi. Reli ikajengwa kutoka Kindu kwenda Kongolo, ikipita hapa Kibombo, na kazi ikakamilika karibu na mwaka wa 1911. Reli inakula: inakula wafanyakazi, na wafanyakazi wanakula muchele. Halafu ikaja sheria ya 1917 ya mazao ya lazima. Kila mwanaume wa kijiji alipaswa kutoa mpaka siku 60 kwa mwaka katika mashamba ya amri, na mwaka wa 1942, wakati wa vita vya dunia, siku hizo zikafika 120. Huku Maniema mazao hayo yalikuwa hasa pamba na mupunga. Muhogo nao ulisukumwa na watawala kama ngao dhidi ya njaa, maana mtu aliyetolewa shambani kwake siku nyingi hivyo hawezi kuchunga kiazi kikuu, chenye kudai mti wa kupandia, tuta, na palizi la mara kwa mara.

Hapa ndipo penye uzito wa neno letu. Tukisimama mezani na kusema kwamba muchele na bugali ni "asili" tu, kana kwamba vilianguka kutoka mbinguni, tunafuta fimbo. Tunafuta wazee waliofungwa kwa sababu shamba la amri halikupaliliwa. Mila ni kitu tulichochagua au tulichokubali kwa hiari, na amri ni kitu kingine. Wajukuu wana haki ya kujua ni kipi ni kipi. Wakijua, wanaweza kupenda muchele wao bila kudanganywa, kama sisi tunavyoupenda.

Mgongo wa mama, miguu ya mtoto

Kuna watu wengine wanaokosea upande wa pili. Wao wanalia: "Mashini imeua kinu! Bunga ya mashini haina ladha!" Mara nyingi wanaolia hivyo ni wanaume, na hawajashika mchi hata siku moja. Mama aliyerudi kutoka shamba na kuni kichwani na mtoto mgongoni, halafu atwange mpaka giza, yeye halii. Anapeleka mihogo yake kwenye mashini na kumshukuru Mungu. Mila inayodumu kwa mgongo wa mtu mmoja tu ndani ya nyumba haina haki ya kujisifu.

Lakini kuna elimu moja ya kinu ambayo haifai kupotea na mashini, nayo ni elimu ya kungoja. Muhogo mchungu una sumu. Bibi zetu waliuloweka majini siku tatu na zaidi mpaka ulainike, wakauanika, ndipo wakautwanga. Mashini inasaga upesi chochote unachoiletea. Haiulizi kama kimelowekwa siku tatu au siku moja. Na soko linataka haraka.

Hasara yake inajulikana. Mwaka wa 1938 daktari Trolli aliandika habari za ugonjwa wa Kwango, magharibi ya nchi yetu, ambao Wayaka waliuita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Mtoto au mama analala mzima, anaamka hawezi kutembea, na miguu hairudi. Msumbiji, katika ukame wa 1981, zaidi ya watu 1,000 walipatwa katika mkoa wa Nampula. Sababu imechunguzwa: ni muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, ukiliwa kila siku bila samaki, bila nyama, bila kunde. Pale watu wanapokuwa na haraka kwa sababu ya njaa, vita au soko, siku za kuloweka zinapunguzwa, na ugonjwa unaingia.

Mifano hiyo ni ya mbali, lakini muhogo ni ule ule. Tazameni basi: kile tulichodhani ni desturi ndogo ya wanawake, kuloweka siku tatu, njo sheria kubwa kuliko zote za jikoni. Njo asili ya kweli. Mmea ulitoka ng'ambo, lakini ujuzi wa kuushinda sumu yake ulikaa katika mikono ya bamama wa hapa. Na kwa maana hiyo hatuoni haya tena kusema kwamba bugali ni wetu. Ni wetu kwa ajili ya ujuzi ule, si kwa ajili ya damu.

Tunaomba nini?

Wengine watasema tunatwanga maji kwenye kinu, maana tumbo halisomi historia. Tunajibu: tumbo halisomi, lakini mwenye tumbo anasoma, na anafundisha batoto.

Kwanza, siku ya sherehe, yule anayesimama mezani aseme mambo yote. Aseme: muhogo ulitoka ng'ambo ya bahari, muchele uliletwa na Wangwana na ukalazimishwa na Bula Matari, ndizi ilitoka Asia zamani sana, mawese ni ya hapa. Maneno hayo hayamalizi dakika tano, na chakula hakitapoa.

Pili, tuiondoe lituma katika sahani ya mapambo na kuirudisha katika siku za kawaida, hasa miezi ile bunga inapopanda bei. Ndizi haina sumu ya kungojea.

Tatu, walimu wa shule zetu wawatume wanafunzi kwa wazee, wakiwa hai bado, wakaandike majina ya viazi vikuu kwa lugha za nyumbani, kipi kinapandwa, kipi ni cha pori, kipi kinalowekwa siku ngapi. Na mwenye kupata kipande cha mbegu akipande, asikile. Nigeria peke yake inavuna zaidi ya nusu ya viazi vikuu vya dunia. Sisi hatutafuti kushindana nayo. Tunatafuta tuta moja kando ya kila shamba, ili muhogo usiwe peke yake siku ugonjwa wa majani utakapoupiga.

Nne, na hili ni kwa wanaume tunaopenda sana kusifu utamaduni: mchi ni mti tu, haukatazi mkono wa mwanaume. Anayetaka lituma ya bankambo aingie jikoni, achukue zamu yake, apige mpaka donge lishikane. Hapo njo tutamsikiliza vizuri akisimama mezani.